Chumvi Iko Mkononi mwa Nani? Kisa cha Shule 28 za Changzhi

Mji wa Changzhi uko kusini-mashariki mwa mkoa wa Shanxi, kaskazini mwa China. Ni eneo la tambi na siki, na kama ilivyo sehemu kubwa ya kaskazini mwa nchi hiyo, ni eneo la chumvi nyingi. Watafiti walipowapima watu wazima wa familia za pale, walikuta wanakula wastani wa gramu 12 hivi za chumvi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5. Watoto wao wa darasa la tano, wenye miaka 10 hivi, walikuwa tayari kwenye gramu 7. Mtoto wa shule ya msingi alikuwa amekwisha kuvuka kiwango kilichowekwa kwa ajili ya baba yake.

Tukisikia habari za programu ya shule ya kuzuia presha kwa watoto, wengi tunafikiria mambo mawili: chakula cha mchana cha shuleni kirekebishwe, na watoto wakimbie zaidi uwanjani. Changzhi walifanya jambo la tatu. Walimfundisha mtoto darasani, kisha wakamtuma nyumbani akawafundishe wakubwa. Jaribio hilo liliitwa School-EduSalt. Liliongozwa na Feng He na Graham MacGregor wa London pamoja na wenzao wa China, na matokeo yake yakatoka katika jarida la BMJ mwaka 2015. Nimelichagua kwa sababu ni nadra kukuta programu ya shule inayokwenda kumtafuta mtu anayepika.

Kabla ya kuingia ndani ya kisa, inafaa kueleza kwa nini presha ya mtoto ni jambo la kuhangaikia. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba watoto na vijana 4 hivi kati ya 100, wenye miaka 19 kushuka chini, wana shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawaumwi kichwa, hawachoki kuliko wenzao, hawana dalili ya kumfanya mzazi aamke usiku. Tena presha ya mtoto haisomwi kama ya mtu mzima. Kwa mujibu wa mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, mtoto aliye chini ya miaka 13 hulinganishwa na watoto wa umri wake, jinsia yake na urefu wake. Akifikia au kupita kiwango ambacho watoto 95 kati ya 100 wako chini yake, na ikawa hivyo katika siku tatu tofauti za kupimwa, ndipo anasemwa kuwa na presha. Kuanzia miaka 13 kipimo ni 130 (namba ya juu) kwa 80 (namba ya chini), kama kwa wakubwa. Mkanda wa kupimia nao lazima ulingane na mkono wake. Ukimfunga mtoto mnene mkanda mdogo, namba itapanda bila sababu.

Lakini programu ya shule haiwalengi hao wanne peke yao. Inawalenga wote 100, kwa sababu mtoto mwenye presha iliyo juu kidogo ya wenzake huelekea kuwa hivyo hata akikua, na kinachoijenga huanza mapema mno. Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wachanga 476 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa chakula chenye sodiamu (ile sehemu ya chumvi inayohusika na presha) ya kawaida, wengine chenye sodiamu kidogo, kwa miezi sita tu. Mwishoni mwa miezi hiyo waliopewa kidogo walikuwa chini kwa milimita 2.1 za zebaki katika namba ya juu ya presha. Sehemu yao walipotafutwa na kupimwa tena baada ya miaka 15, tofauti ilikuwa milimita 3.6. Kila nikiirudia habari hii hunigusa. Miezi sita ya utotoni, mtoto mwenyewe hana hata kumbukumbu nayo, na mishipa yake bado inaikumbuka akiwa kijana wa sekondari.

Sasa turudi Changzhi.

Shule za msingi 28 ziligawanywa kwa kura, 14 zikapata somo la chumvi na 14 zikaendelea kama kawaida. Katika kila shule lilichukuliwa darasa moja la tano, na humo zikachaguliwa familia 10 hivi: mtoto na watu wazima wawili wa nyumbani kwake. Kwa jumla watoto 279 na wakubwa 553. Somo halikuongezewa saa yake kwenye ratiba. Liliingizwa katika vipindi vya elimu ya afya vilivyokuwepo. Watoto walifundishwa chumvi inaufanyia nini mwili na namna ya kuipunguza, kisha wakapeleka ujumbe nyumbani. Ikawa hivyo kwa muhula mmoja, kama miezi mitatu na nusu.

Jambo linalonifanya niiamini kazi hii ni walivyopima. Ukimwuliza mtu anakula chumvi kiasi gani, hajui. Si kwamba anaficha. Chumvi imo ndani ya mchuzi wa soya, imo katika mboga zilizohifadhiwa, imo ndani ya sufuria ambayo yeye hakuishika. Ila figo zinajua. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za sodiamu tunayokula hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo ukikusanya mkojo wote wa mtu kwa saa 24, unapata hesabu ambayo hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuifikia. Changzhi walikusanya mkojo wa saa 24 mara mbili mfululizo mwanzoni, na mara mbili tena mwishoni, kwa watoto na kwa wakubwa. Fikiria kazi hiyo: mtoto wa miaka 10 anabeba chombo, anakumbuka kila mara anapokwenda haja, mchana shuleni, usiku nyumbani, siku mbili. Anayeona ni jambo dogo hajawahi kulisimamia.

Mwisho wa muhula, chumvi ilikuwa imeshuka katika familia zilizopata somo. Katika familia ambazo hazikupata, ilikuwa imepanda. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ilifika gramu 1.9 kwa siku kwa watoto na gramu 2.9 kwa siku kwa wakubwa. Ni kama robo ya chumvi waliyokuwa wakila. Namba hizi zisomwe kwa uangalifu, maana hazisemi kwamba kila mtoto aliondoa gramu 1.9 kwenye sahani yake. Zinasema kwamba, ukilinganisha mwendo wa kundi hili na mwendo wa lile, pengo lililofunguka ni hilo. Bila kundi la ulinganisho watafiti wangeona kushuka kulikotokea upande mmoja tu na wasingejua kwamba majirani wakati huohuo walikuwa wanapanda.

Na presha? Kwa wakubwa, namba ya juu ilishuka kwa milimita 2.3 zaidi ya wale wa kundi jingine. Kwa watoto ilishuka kwa milimita 0.8, na hesabu za takwimu zinasema ukweli unaweza kuwa popote kati ya kushuka kwa milimita 3 na kupanda kwa milimita 1.5. Kwa lugha ya kitaalamu, kwa watoto haikuthibitika.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa kisa hiki huishia, na nadhani wanaishia mapema. Wanasema programu ya kuzuia presha ya watoto haikushusha presha ya watoto, basi imeshindwa. Mimi sikubali, na sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. Jaribio lilipangwa kwa ukubwa wa kugundua mabadiliko ya chumvi, si mabadiliko madogo ya presha. Watoto 279 ambao wengi wao presha yao ni ya kawaida, na ambayo hupanda kwa kuogopa tu mtu mwenye mashine, hawatoshi kuonyesha milimita moja kwa uhakika. Ya pili ni kwamba tayari tunajua milimita ngapi za kutarajia. Mwaka 2006 He na MacGregor walikusanya pamoja majaribio 10 yenye watoto 966. Chumvi ilipopunguzwa kwa asilimia 42, namba ya juu ilishuka kwa milimita 1.17 na ya chini kwa milimita 1.29. Changzhi walipunguza kama robo. Milimita 0.8 iko mahali pake kabisa katika mstari huo.

Milimita moja kwa mtoto mmoja si kitu. Hakuna daktari atakayemwita mzazi kumweleza. Lakini ukiishusha presha ya darasa zima kwa milimita moja, na hali hiyo ikadumu hadi utu uzima, unasogeza mji mzima mbali na kiharusi.

Kilicholeta matokeo Changzhi, kwa maoni yangu, hakikuwa ubora wa somo. Masomo ya afya yako kila mahali, na watoto wanaweza kukariri madhara ya chumvi huku wakila kama jana. Kilichofanya kazi ni kwamba ujumbe ulifika kwenye mkono unaotia chumvi. Nchini China, wakati huo, kama robo tatu ya chumvi yote iliyoliwa ilikuwa inaongezwa nyumbani wakati wa kupika. Anayepika akipunguza leo, familia nzima inakula kidogo leo, pamoja na yule babu ambaye hajawahi kuhudhuria somo lolote. Ndiyo sababu wakubwa walipungukiwa na gramu nyingi kuliko watoto: walikuwa wanakula nyingi zaidi, na sufuria ni moja.

Lipo na jambo la nafasi ya mtoto katika nyumba zile. Sera ya mtoto mmoja ilikuwa bado inatawala. Mtoto mmoja alikuwa na wazazi wawili na babu na bibi wanne, wote macho kwake. Mtoto kama huyo akisema chakula kina chumvi nyingi, anasikilizwa. Familia yenye watoto sita, au nyumba ambayo mtoto hamkosoi mkubwa wakati wa kula, isingeupokea ujumbe huohuo kwa namna ileile. Simaanishi isingewezekana. Ningetaka tu mtu apeleleze kwanza ni nani mtoto anaweza kumwambia jambo, kabla ya kumpa kazi ya kulisema. Kumtuma mtoto nyumbani na ujumbe wa kugombezwa nao ni kumwonea.

Ukitaka kuona maana ya huo mkono unaotia chumvi, linganisha na mahali ambapo sufuria iko shuleni. Exeter na Andover ni shule mbili za bweni za Marekani, na matokeo ya mradi uliofanyika huko yalitolewa mwaka 1989. Wanafunzi hawakuombwa kubadili lolote. Wapishi ndio waliobadili upikaji na manunuzi, sodiamu waliyokula wanafunzi ikapungua kwa asilimia 15 hadi 20, na presha ikashuka kwa milimita 1.7 katika namba ya juu na 1.5 katika namba ya chini. Hapakuwa na haja ya kumshawishi kijana wa miaka 16 kuhusu kiharusi cha miaka 60. Alikula kilichopikwa.

Kisha linganisha na CATCH, mradi mkubwa uliofanyika Marekani kuanzia 1991 hadi 1994, katika shule 96 za California, Louisiana, Minnesota na Texas, ukiwa na watoto zaidi ya 5,000. Huu ndio ule mfano ambao wengi wanaufikiria: chakula cha shuleni kikarekebishwa, vipindi vya michezo vikaboreshwa, masomo ya afya yakaandaliwa, na katika baadhi ya shule familia zikashirikishwa. Walifanya kazi nzuri. Mafuta katika mlo wa mchana wa shuleni yalishuka kutoka karibu asilimia 39 ya nishati hadi 32. Watoto waliripoti kufanya mazoezi ya nguvu dakika 12 zaidi kwa siku kuliko wenzao. Presha haikutofautiana. Kilichobadilika zaidi kwenye sahani kilikuwa mafuta, na sahani yenyewe ni moja kati ya zote ambazo mtoto hula kwa siku. Siwalaumu waliobuni CATCH. Walithibitisha kwamba shule inaweza kubadilika, na mabadiliko hayo ni ya thamani kwa mambo mengine. Lakini huwezi kuubadilisha mlo wa saa sita mchana ukategemea figo zisahau chakula cha jioni.

Mazoezi nayo nisiyapite. Changzhi hayakuwemo, na hilo ni pengo ndani ya kisa hiki. Jibu bora ninalolijua linatoka Odense, Denmark, mwaka 1991. Watoto wa miaka 9 hadi 11, wengine wenye presha ya juu na wengine ya kawaida, waliongezewa vipindi vitatu vya michezo kwa wiki juu ya viwili walivyokuwa navyo. Baada ya miezi mitatu walipimwa: hakuna kitu. Baada ya miezi minane walipimwa tena: kwa wenye presha ya kawaida namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa milimita 6.5, na kwa wenye presha ya juu kwa milimita 4.9, ikilinganishwa na wenzao ambao hawakuongezewa. Huo ni mshuko mkubwa kuliko wote niliotaja katika makala hii. Ulipatikana kwa vipindi vitano kwa wiki, bila kifaa maalumu, kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa viongozi wengi. Nakiri kwamba si majaribio yote ya michezo shuleni yamepata namba za aina hiyo. Hata hivyo ile miezi mitatu ya kimya inanifundisha jambo kuhusu Changzhi pia. Muhula mmoja ni mfupi. Kama wangepima presha ya watoto baada ya mwaka, huenda namba ingekuwa nyingine. Na huenda pia somo lingekuwa limesahaulika na chumvi imerudi. Yote mawili yanawezekana, na muhula mmoja hauwezi kuamua kati yake.

Swali hilo la muda watafiti wenyewe walilibeba mbele. Mwaka 2022 kundi hilohilo lilichapisha jaribio la pili, safari hii katika shule 54 za mikoa mitatu ya China, lenye watoto 592 wa miaka 8 na 9 na wakubwa 1,184. Ujumbe ulipitia programu ya simu, na ufuatiliaji ukawa wa mwaka mzima. Kwa wakubwa, tofauti ya chumvi ilikuwa gramu 0.82 kwa siku, na presha ikashuka kwa milimita 1.64. Kwa watoto, chumvi haikupungua kwa kiwango kinachothibitika.

Nimekaa na matokeo haya muda mrefu. Ni madogo kuliko ya Changzhi, na upande wa watoto yanakatisha tamaa. Inawezekana simu haina uzito wa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Inawezekana mwaka mzima unaonyesha ukweli ambao muhula mmoja ulikuwa bado unaufunika kwa hamasa ya mwanzo. Na inawezekana wakubwa walibadili sufuria ya nyumbani huku mtoto akiendelea kupata chumvi yake mahali pengine: kwenye chakula cha shuleni, kwenye vitafunwa vya njiani. Hili la mwisho ndilo ninaloliegemea, kwa sababu linaeleza kwa nini mjumbe alifanikiwa kuwabadilisha wenye nyumba na yeye mwenyewe akabaki alipokuwa.

Kwa hiyo shule ikinijia leo inataka kuanzisha programu ya namna hii, sitaanza na mtaala wala mabango. Nitaomba kwanza mkojo wa saa 24 wa watoto 30 au 40, na orodha ya kila walichokula siku hiyo na nani alikipika. Ikionekana chumvi nyingi inatoka jikoni nyumbani, njia ya Changzhi inafaa: somo, mwalimu, mtoto, na barua ya shule inayomheshimu anayepika ili mtoto asisimame peke yake mbele ya mkubwa. Ikionekana inatoka jiko la shule, mtoto hahitaji kufundishwa lolote ili presha yake ishuke. Anayehitaji kuketishwa ni mpishi na anayenunua vyakula, wapunguze kidogo kidogo hadi ulimi uzoee, na hilo halichukui zaidi ya wiki kadhaa. Ikionekana inatoka katika vyakula vya pakiti, basi shule peke yake haitoshi, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi badala ya kupewa ahadi. Katika hali zote tatu ningeongeza vipindi vitatu vya michezo kwa wiki, na ningemwomba mkuu wa shule aahidi kwa maandishi kwamba havitafutwa vikifika miezi mitatu, wakati mashine ya presha itakuwa bado haionyeshi chochote.